Mashine ya Mbele Haiitiki

Ijumaa, 29 Januari 1999

Vumbi tena. Nimefuta meza mara tatu kabla ya saa nne na bado ningeweza kuandika jina langu juu yake kwa kidole. Wenyeji huuita msimu huu wa ukavu jilaal. Mimi nauita balaa.

Kompyuta mpya imefika na gari la Nairobi saa tano. Hatimaye. Ile ya zamani ya chumba cha mbele ilikufa kabla ya Ramadhani, na tangu hapo Dahabo, karani wetu, anaandika majina kwa kalamu. Wanaokuja kwetu ni watu waliopotezana na jamaa zao kwenye vita vya kule ng'ambo ya mpaka. Dahabo anauliza jina, anaandika, kisha anakuja chumba cha nyuma kulitafuta kwenye mashine kubwa, yenye orodha nzima ya kambi za Dadaab. Kutwa kucha anaingia na kutoka, na mchanga wa ndara zake. Mashine kubwa ni yangu. Yaani ni ya ofisi, ila mimi ndiye niliyeajiriwa kuitunza.

Hii mpya ina kadi ya mtandao humo humo ndani, imejengwa nayo. Hakuna kufungua, hakuna kuongeza kitu. Unavuta waya mmoja mpaka kwenye kile kisanduku cha ukutani ambako nyaya hukutana, basi. Dahabo atakaa mbele na mtu wake na orodha ataiona hapo hapo. Bwana Mutiso, meneja, ameniuliza kazi itachukua muda gani. Nikasema Jumatatu adhuhuri itakuwa tayari. Mdomo wangu huu! Wageni wa Nairobi wanakuja Ijumaa ijayo kuiona, na yeye keshawaahidi.

Nimeziba matundu yake yote kwa pamba, kama nifanyavyo kwa kila mashine inayolala wikendi Garissa. Vumbi liliniulia mbili mwaka juzi. Kisha nikaifunika kwa kikoi changu kikuukuu.

Barua ya mama kutoka Witu. Anauliza mbona sikwenda nyumbani Idi. Sikwenda kwa sababu nilimnunia kaka kwa jambo ambalo hata silikumbuki vizuri. Nimejuta, lakini Idi imeshapita.


Jumatatu, 1 Februari

Haiitiki.

Nilianza saa mbili. Nikatoa pamba, nikapangusa, nikachomeka waya, nikaingiza disketi ya programu ya kadi. Mashine ikasema kadi inaiona na kadi ni nzima. Vizuri. Nikaiamuru ijiite yenyewe, ikajibu. Nikaiamuru iite ile ya nyuma. Kimya. Mara kumi, kimya. Pale kwenye kisanduku cha ukutani kuna taa ndogo ya kijani kwa kila waya, huwaka waya ukishikana na mashine yake. Ya nyuma inawaka. Ya mbele giza.

Adhuhuri ikapita. Bwana Mutiso akachungulia, akatazama saa yake, akaenda zake.

Nimepiga marufuku mtu yeyote kugusa mashine ya nyuma mpaka nimalize. Naizima, naiwasha, nabadilisha mambo ndani yake, sitaki kuparamiwa. Nimebandika na karatasi mlangoni.

Watu walikuwa wachache leo. Mmoja ni mzee wa Hulugho, Hirsi Guled. Amekuja na lori la ng'ombe, anakaa kwa jamaa zake mtaa wa Galbet. Anamtafuta dada yake, Faduma, aliyeolewa ng'ambo. Hawajaonana tangu vita vilipoanza. Sasa mtu amemwambia jina hilo kalisikia kambini. Mwaka wa tisini na tano alikwenda kule mwenyewe, akauliza hema kwa hema siku kumi, akarudi mikono mitupu. Leo goti lake halimruhusu tena. Dahabo akamtafutia kwenye orodha ya karatasi, lakini ile ni ya Novemba. Jina halimo.

Basi Dahabo akaja mlangoni kwangu. "Bwana Swaleh, naangalia huko nyuma kidogo tu? Dakika mbili." Nikamwonyesha karatasi. Akasema mzee ametoka mbali. Nikamjibu kwamba kesho atamtafutia akiwa amekaa kitini mwake kama bibi harusi, sasa aniache nifanye kazi. Sauti yangu ilikuwa juu, mzee akasikia. Akasema, "Hakuna shida, fundi. Kesho ni fizuri."

Mimi si fundi. Lakini sikupenda nilivyosema.


Jumanne, 2 Februari

Waya ule ule nimeupeleka chumba cha nyuma, nikauchomeka kwenye mashine kubwa. Taa ikawaka. Basi waya ni mzima. Nikabadilisha tundu la kisanduku, bado. Nikabadilisha namba ya mashine, bado. Imebaki kadi yenyewe au programu yake.

Jambo jingine la kuudhi ni kwamba waya haukai kwenye mashine ya mbele. Ukigusa meza unachomoka. Nikaubana kwa selotepu. Dahabo alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, "Waya hii haisemi tak. Ile ya nyuma ukiingiza inasema tak." Nikamwambia kompyuta si mlango wa kabati, yeye aandike majina, mengine aniachie mimi niliyesomea. Akarudi kwenye kalamu yake.

Nikafuta kila kitu nikaanza upya. Disketi moja baada ya nyingine, na kila moja inasaga taratibu. Saa saba kasoro, kazi ikiwa katikati, stima ikakatika. Jenereta ikagoma mpaka saa tisa. Nikaanza tena toka mwanzo. Saa kumi na nusu nikaita ile ya nyuma. Kimya kile kile. Nilipiga ngumi meza. Mkono unauma mpaka sasa.

Mzee Hirsi alikuwepo tangu mlango ulipofunguliwa. Kaleta maziwa ya ngamia kwenye kibuyu, ya ofisi nzima, yana harufu ya moshi wa kibuyu chenyewe. Nilikunywa kikombe kizima nikiwa nimesimama, sikumbuki kama nilishukuru. Amekaa kwenye benchi linalotazama mlango wangu, viganja juu ya magoti. Hasemi. Wengine wakija huuliza mara mia. Yeye anakaa tu, na mimi kila nikiinua kichwa namwona. Jioni akaniuliza kwa jicho. Nikamwambia kesho.

Bwana Mutiso naye alikuja. Akauliza kama si bora turudie utaratibu wa zamani mpaka Ijumaa, Dahabo awe anaingia nyuma. Nikakataa. Nikamwambia nikikatizwa sitamaliza. Huo ulikuwa uongo. Ukweli ni kwamba sikutaka aone kuwa sijui.


Jumatano, 3 Februari

Siku mbovu. Naandika ili ipite.

Asubuhi nilidhani nimeipata. Katika mipangilio ya ndani kabisa, ile unayoifikia kabla mashine haijaamka vizuri, kuna mstari unaoiruhusu au kuizuia kadi iliyojengwa ndani. Nikafurahi mpaka nikamwita mzee: "Usitoke, mzee, mambo yako karibu." Akaitikia kwa kichwa. Kumbe ile kadi ilikuwa imeruhusiwa tangu mwanzo. Furaha ya dakika tano.

Saa nne basi la watu wa kambini likasimama ng'ambo ya barabara, kituo cha mafuta, na magari ya polisi mbele na nyuma. Ni wale wanaopelekwa nchi za mbali kuishi. Watoto wamevikwa masweta mapya kwenye joto hili la Garissa. Kina mama walishuka kununua maji na ndizi. Ofisi nzima ilitoka barazani kutazama, na wengine kuaga wasiowajua. Mzee hakutoka. Nilikuwa nimemwambia asitoke. Mimi nilitazama kwa dirisha kidogo, nikafurahi kwamba pametulia, nikarudi kazini. Kama nusu saa hivi, basi likaondoka kuelekea darajani.

Baada ya hapo nikaifungua mashine. Nikainamisha pua ndani na harufu ya ubani ikanipiga. Dahabo huwasha chetezo chake kila asubuhi, yeye hukiita dabqaad, anasema ofisi inanuka karatasi. Basi hasira zote za siku tatu zikapata pa kwenda. Nikatoka nacho chetezo mkononi, nikamwambia mbele ya watu sita kwamba moshi wake ndio ulioua kadi, kwamba yeye na ubani wake wameirudisha ofisi nyuma mwaka mzima. Dahabo akainuka. Hakupaza sauti. Akasema, "Mashine hii imewashwa siku tatu tu. Moshi gani inaua kwa siku tatu?" Akanipokonya chetezo, akamwaga makaa nje, akakifunga kwenye gazeti akatia mkobani. Hakunisemesha tena kutwa.

Nilijua ana haki wakati ule ule anasema. Nilijua, na sikurudi nyuma.

Alasiri nikaandika barua kwa waliotuuzia. Kwamba kadi ya ndani imekuja ikiwa mbovu kutoka huko kwao, na hatukubali. Barua kali, ya kurasa mbili. Nimeiacha juu ya meza ya mbele, Bwana Mutiso aipitie kesho atie sahihi.


Alhamisi, 4 Februari

Sijui nianzie wapi. Nianzie na pamba.

Dahabo aliingia saa mbili, hakunisalimu. Haki yake. Alianza kupangusa meza kama kila siku. Alipofika kwenye mashine akaing'oa ile selotepu, akachomoa waya, akaigeuza mashine tundu likatazama dirisha. Akainama. Akatazama muda. Kisha akachomoa pini kwenye shungi yake, akachokoa, akavuta.

Kipande cha pamba. Kimekandamizwa kikawa kigumu, kidogo kuliko harage. Akakiweka mezani, juu ya barua yangu. Akachukua waya akauingiza.

Tak.

Taa ya kijani ikawaka.

Akarudisha pini kwenye shungi.

Pamba ni yangu. Ijumaa ile niliisukuma kwa mkia wa kalamu ili izibe barabara, na Jumatatu nikatoa ya juu tu. Ya ndani ilibaki mwisho wa tundu, waya ukawa haufiki. Siku tatu nafuta programu, nafungua mashine, natukana wauzaji, namdhalilisha mtoto wa watu, na ni pamba ya mkono wangu mwenyewe. Sikutazama mle hata mara moja. Nilishapasafisha mimi, patakuwaje pachafu!

Basi Dahabo akakaa, akamwita mzee. "Adeer, kaalay." Mzee akajikokota kutoka kwenye benchi, akasimama nyuma ya kiti chake. Nami nikasimama. Akaandika jina la dada. Haikuchukua hata dakika.

Faduma Guled Abdulle. Kaandikishwa Desemba. Mtoto mmoja wa kiume. Chini yake: anamtafuta kaka yake, Hirsi Guled Abdulle, wa Hulugho.

Na chini zaidi: safari ya kuhamia nchi ya mbali, kuondoka kambini tarehe tatu Februari.

Jana.

Lile basi.

Taarifa hiyo ilikuwa kwenye mashine kubwa tangu katikati ya Januari, ilikuja na disketi ya kambi. Jumatatu ingeonekana kwa dakika mbili. Jumanne mzee angepanda gari la Dadaab, goti na yote, na usiku wangelala wanazungumza. Hata jana saa nne ingetosha. Barabara tu ilikuwa kati yao. Na mimi ndiye niliyemwambia asitoke.

Dahabo alimweleza kwa Kisomali. Alieleza polepole. Nilikuwa nautazama uso wa mzee na sikuweza kuacha. Aliuliza kitu kimoja, Dahabo akasema, "Haa," yaani ndiyo. Mzee akajifunika uso kwa shuka yake. Alipoufunua macho yalikuwa mekundu na alikuwa anasema Alhamdulillahi, Alhamdulillahi, yuko hai, ana mtoto.

Kisha akaja kwangu. Kwangu! Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Fundi, wewe umehangaika siku nne kwa sababu yangu. Mungu akulibe."

Nikasema amina. Mshenzi mie, nilisema amina.

Bwana Mutiso amepiga redio Nairobi, labda bado wako huko wanasubiri ndege. Hawajajibu mpaka tunafunga. Barua niliichana. Pamba bado ninayo mfukoni, sijui naiweka ya nini.


Ijumaa, 5 Februari

Redio ilijibu saa mbili na robo. Kundi la Jumatano liliruka jana jioni. Nchi gani hasa, kila familia na yake, wataangalia wakipata nafasi.

Wageni walifika saa tatu. Watatu, viatu vyao vinang'aa. Kila kitu kilikwenda kama maji. Dahabo aliandika jina, jibu likaja, wakapiga makofi. Mmoja akauliza kama tulipata shida yoyote kuiunganisha. Bwana Mutiso akanitazama mimi. Nikasema kulikuwa na tatizo dogo la kiufundi. Dogo! Dahabo alikuwa anatazama kioo cha mashine. Hakugeuka.

Nilisifiwa. Mgeni mmoja aliniita hazina ya ofisi. Nilitamani ardhi inimeze.

Wageni walipoondoka nikamwomba Dahabo msamaha. Kwa yale ya chetezo, kwa ile tak, kwa zile dakika mbili za Jumatatu. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hotuba, nikaishia maneno matatu. Akasema, "Sawa." Nikamuuliza kama kweli ni sawa. Akasema, "Mimi iko sawa. Lakini si mimi nilikaa kwa benchi." Akachukua mkoba wake wa vitabu akaenda.

Mzee hakuja leo. Nilitazama lile benchi mara nyingi kuliko nilivyolitazama siku alizokuwa amelikalia.


Jumamosi, 6 Februari

Sikupata usingizi wa maana. Nilipoamka nilijua nitakwenda, sikujua nitasema nini.

Dahabo alikuwa ameniambia lori la mzee linaondoka leo, likishapakia, pale soko la mifugo. Nilitembea. Saa moja asubuhi soko limeshafurika, ngamia wanaguna, madalali wanashikana mikono chini ya shuka ili wengine wasijue bei. Nikamkuta amekaa juu ya gunia la sukari kando ya gurudumu. Akafurahi kuniona. Akasogea nikae naye kwenye gunia. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote.

Nikamwambia. Nilisema kwa Kiswahili chepesi, nikarudia pale alipokunja uso. Kwamba mashine haikuwa ngumu. Kwamba niliiziba mwenyewe kwa pamba nikasahau. Kwamba ile ya nyuma ilikuwa nzima siku zote, na Dahabo aliomba kumtafutia Jumatatu, na mimi nilikataa kwa kiburi changu tu, nilitaka kusifiwa. Sikutaja Mungu wala bahati. Nilitaja kiburi.

Mtu akampigia kelele asogeze gunia, hakusikia.

"Lile bus ya Jumatano," akasema, "Faduma alikuwa ndani?"

"Alikuwemo."

"Alishuka?"

Nikasema sijui. Wanawake wengi walishuka, walinunua ndizi. Sijui.

"Na mimi nilikuwa kwa benchi."

"Ndiyo, mzee. Mimi nilikuambia usitoke."

Akatikisa kichwa, polepole, si kwa kunikubalia wala kunikataa. Nilitaka anitukane. Anitemee mate, anipige, aondoke. Badala yake alisema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema: "Wewe umefanya mbaya. Mimi nimesikia. Sasa andika jina yangu kwa mashine, ile yote, ili yeye akiuliza huko mbali, anibate."

Siku nne tulimwandika dada, tukamtafuta dada. Yeye mwenyewe hakuna aliyemwingiza kwenye orodha kubwa. Dahabo alikuwa naye kwenye karatasi yake, akisubiri mashine yangu.

Nikatafuta karatasi mifukoni. Nikapata risiti ya duka. Akaanza kutaja, naye hataji kama sisi, jina na la baba basi. Anataja jina lake, la baba, la babu, la baba wa babu, anaendelea kupanda bila kusita, macho ameyafumba, kidole kimoja kinapiga goti kwa kila jina. Wao hufundishwa hivyo wakiwa watoto wadogo. Risiti ikajaa pande zote mbili nikamalizia kwenye kiganja. Akanisomesha tena toka mwanzo. Nilikosea mara mbili, akanisahihisha bila hasira, kama mwalimu.

Lori likawashwa. Wakamsaidia kupanda. Hakunipa mkono. Sikuutarajia. Aliketi juu pamoja na wengine, uso ameuelekeza kule wanakokwenda.


Jumatatu, 8 Februari

Joto. Hakuna upepo, kwa hiyo hakuna vumbi. Kazi ya kawaida.

Ile karatasi ya marufuku nimeibandua. Dahabo amekuja na chetezo chake. Nilimwashia makaa mimi mwenyewe, nikayapuliza mpaka macho yakatoa machozi, akanitazama, akasema moshi nyingi hivyo itaua kadi. Ni mara ya kwanza tangu Jumatano ananitania. Nilicheka, kisha nikaona aibu kwamba nimecheka.

Nimemwandikia kaka barua fupi. Nimemwambia nitakuja mwezi huu bila kungoja sikukuu.

Asubuhi hii nimemwingiza mzee Hirsi kwenye orodha, kwenye mashine ya mbele, nikaenda nyuma kuhakikisha amefika. Amefika. Nimeandika na Hulugho, na kwamba lori la ng'ombe huja kila mwezi na barua inaweza kupitia ofisi hii, kwa jina langu. Nairobi nimewapigia redio mara mbili kuulizia familia ya Faduma imepelekwa nchi gani. Nitawapigia tena kesho, na keshokutwa.

Mashine ina nafasi ya majina matatu tu. Mengine niliyoandika kwenye kiganja yameanza kufutika, kwa hiyo nayaweka hapa kwa mpangilio alionipa, yasipotee:

Hirsi, Guled, Abdulle, Samatar, Roble, Warsame, Egal, Liban, Farah, Shire, Nur.

Ya Faduma ni hayo hayo, kuanzia la pili.